Gari la Kuundwa Nyumbani

Magari mengi huundwa kiwandani. Lakini lipo moja ambalo ukoo wake ulianzia katika gereji ya nyumbani, na hadi leo hufufuliwa humo humo.

Mwingereza Colin Chapman alikuwa mwanafunzi wa uhandisi London alipochukua Austin Seven kuukuu na kuliunda upya katika gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake. Likawa tayari mwaka 1948. Mwaka 1957 kampuni yake ilitoa Lotus Seven, gari dogo la fremu ya mabomba ya chuma iliyofunikwa kwa bati la alumini. Wengi walilinunua likiwa vipande, wakaliunga wenyewe. Sababu ilikuwa kodi: Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi kwa gari zima, si kwa vipande. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1973, na nafuu ile ikaisha.

Anayelifufua Seven la zamani hana budi kuanza na fremu, si rangi. Kutu hula mabomba, na bati linalong'aa huficha bomba lililooza. Bati hubanduliwa, bomba bovu hukatwa na jipya huchomelewa. Ndipo injini inaporudishwa. Mvivu wa hatua hiyo huhatarisha maisha yake barabarani.

Vijana, Chapman hakungoja apate kiwanda ndipo aanze. Nanyi shikeni spana. Ila kabla ya kupaka rangi, chungulieni kwanza yaliyo chini ya bati.