Risasi ya Uluguru

Risasi ya Uluguru ni risasi iliyotolewa katika fuwele za madini ya urani za Milima ya Uluguru, Morogoro. Mwaka 1914 uzito wake wa atomu ulipimwa ukaonekana kuwa karibu 206.05, ilhali wa risasi ya kawaida ni 207.2.

Fuwele hizo zilitoka kwenye machimbo ya ulanga ya enzi za Wajerumani. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald alieleza madini ya njano yanayozaliwa fuwele hizo zinapochakaa, akayaita rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford.

Wakati huo elementi zilizo gesi zilikuwa na njia yao ya kupimwa uzito wa atomu. Gesi ilipimwa uzito, kisha ikapimwa inavyobanika kadiri shinikizo linavyopanda, kwa kuwa hakuna gesi inayoifuata kanuni ya Boyle sawasawa. Hesabu ikirudishwa hadi pale shinikizo linapokaribia sifuri, gesi mbili hulinganishwa kwa haki. Lord Rayleigh huko Uingereza na Philippe-Auguste Guye wa Geneva walikuwa mabingwa wa kazi hii, na vipimo vya gesi viliushusha uzito wa nitrojeni kutoka 14.04 hadi 14.01.

Risasi huchemka kwenye nyuzijoto 1,749, hivyo njia hiyo haikuifaa. Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz, waliofanya kazi pamoja na Taasisi ya Radiamu ya Vienna, waliigeuza risasi ya Uluguru kuwa kloridi, wakaiyeyusha na kuichanganya na myeyusho wa fedha. Kloridi ya fedha hutuama chini kama maziwa yaliyoganda, na huingia weusi ikipigwa na mwanga. Uzito wake ndio uliotoa jibu.

Jibu lilikuwa zito. Frederick Soddy na Kasimir Fajans walikuwa wamebashiri kwamba urani, ikishapoteza chembe nane za alfa, huishia kuwa risasi ya uzito wa 206. Madini ya urani ya Joachimsthal, Bohemia, yalikuwa yamechanganyika na risasi ya kawaida. Fuwele za Uluguru zilikuwa safi, ndiyo maana ushahidi wake ulikata shauri. Elementi moja, kumbe, inaweza kuwa na uzito zaidi ya mmoja. Sehemu kubwa ya vipimo hivyo ni ya mkono wa Horovitz, na jina lake lastahili kutajwa sambamba na la mwenzake.

Kiasi cha risasi hiyo kikilinganishwa na urani iliyobaki, fuwele huonekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 600. Ni miongoni mwa vidokezo vya lini ilikunjwa na kupikwa miamba ya Ukanda wa Msumbiji, unaopita pia Handeni na Korogwe.