Darubini na Ndugu Zake: Istilahi za Chombo cha Kutazamia Nyota katika Historia ya Kiswahili



Utangulizi

Katika ukuta wa kibla wa msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja, yamechongwa maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Wanahistoria huyatumia kuthibitisha ukale wa Uislamu katika mwambao wetu. Kwa mwanaisimu, tarehe hiyo yaweza kuwa mwanzo wa hesabu nyingine. Mwaka ule ilikuwa imepita takriban miaka 70 tangu kufariki Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyeandika mjini Cairo Kitab al-Manazir, kitabu kikuu cha elimu ya mwanga na kuona. Darubini yenyewe ilikuwa bado miaka 500 kuzuka.

Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba istilahi zetu za darubini zimejengeka kwa matabaka matatu, na kwamba kila tabaka lina namna yake ya kukieleza chombo hicho. Anayeanza kujifunza elimu ya nyota huteleza pale matabaka hayo yanapokutana bila ya kufafanuliwa.

Tabaka la Bahari ya Hindi

Neno darubini asili yake ni Kiajemi: dur ni "mbali", na bin ni shina la kitenzi "kuona". Kamusi za zamani zina umbo la durabini pia, ambalo liko karibu zaidi na asili. Neno hilohilo limesafiri kila upande: Waturuki wana dürbün, Wahindi wana durbin, na Waarabu wa Ghuba wana darbil. Kwetu lina jamaa zake wa baharini waliotoka Uajemi, kama vile nahodha na bandari. Nahodha alihitaji chombo cha kutambua tanga au nchi kavu kabla ya jicho tupu kuvitambua, na ndiyo maana husemwa "kupiga darubini".

Huko Ulaya, Hans Lippershey aliiomba serikali ya Uholanzi haki ya kipekee ya kuunda chombo hicho mwaka 1608. Galileo alikielekeza angani mwaka 1609. Mwaka 1611, mjini Roma, kikapewa jina la Kigiriki lenye maana ileile ya "kutazama mbali". Yaani Mgiriki na Mwajemi walikipa chombo jina kwa kazi yake. Hakuna jina kati ya hayo mawili linalotueleza kazi hiyo hufanyika vipi.

Tabaka hili lilituachia pia maneno ya Kiarabu yahusuyo kuona: akisi, taswira, mandhari na nadharia. Haya mawili ya mwisho yana mzizi mmoja na lile neno Manazir la Ibn al-Haytham, nao ni mzizi wa kutazama. Kwa hiyo msamiati wa kuona haukuwa mgeni katika lugha hii hata kabla ya kufika kwa vitabu vya fizikia.

Tabaka la Kibantu

Tabaka la pili limetokana na vitenzi vyetu wenyewe. Kutokana na kubinuka tumepata mbinuko, na kutokana na kubonyea tumepata mbonyeo. Lenzi mbinuko ni nene katikati na nyembamba pembeni, nayo hukusanya miale. Lenzi mbonyeo ni nyembamba katikati, nayo huitawanya. Mtoto aliyewahi kubonyeza donge la unga anaielewa tofauti hiyo kabla ya kuchorewa ubaoni.

Neno ninalolithamini zaidi katika tabaka hili ni kipenyo. Katika lugha ya kila siku, kipenyo ni nafasi ndogo ya kupenyea. Katika hisabati, ni mstari unaokata duara kupitia katikati yake. Kwenye darubini maana hizo mbili hukutana: kipenyo ni mlango wa kupenyea mwanga, na pia ni kipimo cha upana wa mlango huo. Sijui lugha nyingi zilizopata bahati kama hiyo.

Tabaka la kisasa

Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Katika kipindi hicho cha usanifishaji, maneno kama lenzi na fokasi yaliimarika kuwa istilahi za shuleni.

Maneno haya mawili huonekana ya kitaalamu mno, ilhali asili yake ni jikoni. Lens kwa Kilatini ni adesi, kwa kuwa kioo kilichobinuka pande zote mbili hufanana na punje ya adesi. Waarabu nao huiita lenzi adasa kwa sababu hiyohiyo, na adesi yetu imetokana na neno hilo. Focus kwa Kilatini ni meko, na aliyelitumia kwanza katika elimu ya mwanga ni Johannes Kepler, mwaka 1604. Elekeza lenzi mbinuko kwenye jua, weka karatasi penye fokasi, nayo itaungua. Hapo ndipo meko yalipo.

Maana hiyo inalinda macho. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa na kuonekana kama pete huko Rujewa, mkoani Mbeya, watu wengi nchini walitamani kulitazama. Anayejua kwamba fokasi ni meko hahitaji kuhimizwa asiweke jicho kwenye darubini iliyoelekezwa juani bila ya kichujio maalumu mbele yake.

Pale mwanafunzi anapoteleza

Kuna utelezi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa neno kioo. Kwa Kiswahili, kioo ni cha dirishani na pia ni cha kujitazamia. Darubini ya Galileo ilipitisha mwanga katika vioo; ile aliyoiunda Isaac Newton mwaka 1668 iliuakisi kwa kioo. Sentensi hiyo ni sahihi, lakini anayeanza haambulii kitu. Napendekeza tuseme "darubini ya lenzi" kwa ile ya kwanza, na "darubini ya kioo cha kuakisi" kwa ile ya pili.

Utelezi wa pili umetokana na jina darubini lenyewe. Kwa kuwa linasema "kuona mbali", mnunuzi huuliza kwanza: inakuza mara ngapi? Lakini nyota hafifu haionekani kwa kukuzwa. Huonekana mwanga wake unapokusanywa. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kiasi cha milimita 7. Darubini yenye kipenyo cha milimita 70 ni pana mara 10, na hivyo hukusanya mwanga mara 100. Ukuzaji ni hesabu nyingine: umbali wa fokasi wa lenzi ya mbele hugawanywa kwa ule wa lenzi ya jicho. Milimita 700 kwa 20 ni mara 35. Ukibadilisha lenzi ya jicho ukaweka ya milimita 10, ni mara 70. Ukuzaji unabadilika kwa kubadili lenzi ndogo, lakini kipenyo hakibadiliki. Basi swali la kwanza la mnunuzi liwe la kipenyo.

Hitimisho

Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikaelekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Istilahi nilizozitaja ziliundwa kwa kazi kubwa, kisha zikapunguziwa madarasa ya kuzitumia. Istilahi isiyotamkwa na mwanafunzi hubaki kamusini tu.

Mtoto wa Kizimkazi anazo Zuhura, Mshtarii, Zohali na Kilimia katika lugha ya nyumbani kwao. Asikose maneno ya chombo cha kuzitazamia. Ninawaomba wanafunzi wa idara yetu waandike kijitabu chepesi kinachofafanua istilahi hizi kwa mpangilio huu: kipenyo, lenzi, fokasi, taswira, ukuzaji. Na kila neno lielezwe kwanza kwa kitenzi au kitu ambacho msomaji anakijua tayari.