Askari, fagio na kazi

Ukisimama Bangwe ukaitazama ghuba ya Kigoma, unatazama uwanja wa vita vya zamani. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na meli Graf von Götzen ikaunganishwa hapa. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba.

Meli ilitunzwa kuliko watu waliopigana.

Mwaka huohuo wa 1927 Dar es Salaam ikapata Sanamu ya Askari, lakini shaba hailishi familia. Askari wa Mjerumani walisubiri hadi 1964, bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa malimbikizo ya mishahara yao. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza wazee wengi hawakuwa na hati, basi wakapewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki. Mikono ilikumbuka.

Marekani ilichukua njia nyingine: sheria ya 1944 iliwapa waliotoka vitani kipaumbele katika ajira ya serikali, hata wakati wa kupunguza watumishi. Kwetu, kijana aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kwa mfano kambi ya Bulombora mkoani Kigoma, hufikiriwa kwanza vyombo vya ulinzi vinapoajiri. Kwenye kupunguzwa kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi. Utumishi wa vitani haumo.