Ndizi mzuzu za nazi: siri ni moto mdogo, siyo sukari nyingi

Ndizi mbivu za nazi zinajulikana karibu kila nyumba Kigamboni, hasa mwezi wa Ramadhani. Lakini ukizipika kwa papara utaumia: tui linakatika, ndizi zinapondeka, chini kunashika. Na nazi mbili zimeshaenda hapo, futari imebaki nusu saa. Lawama hutupiwa nazi au ndizi, wakati mara nyingi mkosaji ni moto mkali.

Ndiyo maana sufuria ya umeme ya kupika taratibu, ile yenye bakuli zito la kauri na swichi ya moto mdogo na mkubwa, inakifaa sana chakula hiki. Joto lake linapanda polepole na halichemshi kwa fujo.

Kwa watu watano, tafuta mizuzu mitano, nazi mbili, sukari vijiko vitatu vya chakula, iliki punje tano na chumvi kidogo sana. Mzuzu mzuri ni wa njano wenye madoa meusi, ukiubonyeza unabonyea kidogo. Ukiwa na ukijani bado, hata umimine sukari robo kilo hautakuwa na ladha ile. Uliolainika kabisa utageuka uji.

Kuna nazi, chuja tui zito kikombe kimoja, liweke pembeni. Ongeza maji ya uvuguvugu kwenye machicha, upate tui jepesi vikombe viwili. Menya ndizi, kata katikati, pasua kwa urefu na toa ule uzi wa ndani. Zipange, nyunyiza sukari, chumvi na iliki iliyotwangwa, kisha mimina tui jepesi lifike nusu ya ndizi tu. Usizidishe: sufuria hii haipotezi mvuke kama ya kwenye mkaa, na ndizi zenyewe zitatoa maji.

Funika, weka moto mdogo kwa saa tatu. Usifunuefunue, maana kila ukifunua joto linatoka na muda unaongezeka. Zikiiva, mimina tui zito, acha mfuniko wazi kidogo kwa dakika 20 hadi 30. Hapo hakuna kukoroga, tikisa bakuli tu. Ukianza saa 8 mchana, adhana ya magharibi itakukuta umeshapakua.

Umeme je? Angalia wati zilizoandikwa chini ya sufuria. Ya wati 200 ikifanya kazi saa tatu na nusu inakula uniti 0.7. Kwa wale ambao Sh10,000 inawapa uniti 28, hiyo ni kama Sh250. Walio kwenye kundi la matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, haifiki Sh100. Linganisha mwenyewe na mkaa unaonunua kwa kopo.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi, usiache ndizi zikakaa humo zikisubiri. Zihamishie kwenye gesi au mkaa zingali za moto, umalizie. Ila kama hukuwepo nyumbani na hujui umeme ulikatika kwa muda gani, mwaga. Tui kwa joto la Dar linachacha haraka, na tumbo la mtu aliyefunga kutwa si la kufanyia majaribio.

Huna sufuria hiyo? Tumia makaa yaliyobaki baada ya chakula cha mchana. Yafunike na majivu, weka sufuria nzito, palia makaa machache juu ya mfuniko. Dakika 40 zinatosha, ila hapa ongeza tui jepesi kidogo. Ile sufuria ya umeme ya wali siipendekezi, inachemsha kwa nguvu mno.

Boga nalo linapikwa hivi hivi, ila tui jepesi nusu kikombe tu kwa sababu lina maji mengi. Nanasi usilichanganye na tui, uchachu wake utalikata. Lipike peke yake na sukari, mdalasini na karafuu mbili, saa mbili moto mdogo, ulile likiwa la moto.