Jina la Nani Liandikwe? Ardhi, Wanawake na Vijana wa Kiwangwa

Kutoka Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami. Msafiri akishapita Makofia na kuiacha bahari nyuma yake, huanza kuona mananasi yamepangwa kwa mafungu kando ya barabara, naye hujua kwamba amekaribia Kiwangwa. Masoko ya Dar es Salaam yanalijua nanasi la Kiwangwa kwa jina. Ni wanunuzi wachache wanaojiuliza shamba lililolizaa ni la nani.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu katika kijiji kimoja cha ukanda huo kwa mafunzo ya utafiti. Mwanafunzi mmoja alikuwa akimjazia fomu bibi wa makamo ya miaka sabini hivi. Alipofika kwenye swali la umiliki wa shamba, bibi alimshika mkono akamwambia: "Mwanangu, andika kwamba ninalima. Usiandike kwamba nina shamba. Mashamba wanayo wenye majina." Jioni hiyo tukakutana na kijana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye alikuwa analima ekari moja ya kuazima. Alitaka kupanda mananasi, lakini mwenye shamba alimruhusu mahindi na mihogo tu. "Nanasi linakaa, mwalimu," alituambia. "Akiniacha nipande, atanitoaje?"

Nimesoma na kufundisha mengi kuhusu haki za kiuchumi, lakini kauli hizo mbili ndizo zilizonipa uzi wa makala hii. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba haki ya mwanamke na ya kijana wa kijijini katika nchi yetu imekuwa ikipotea, na mara nyingine kupatikana, mahali pamoja: kwenye daftari linaloandikwa jina la mwenye ardhi. Kila zama zilikuja na daftari lake. Anayetaka kuwasaidia watu hawa wadai haki yao hana budi kujua daftari la leo liko wapi na nani anashika kalamu.

Kabla ya daftari

Wakwere, Wazaramo na Wadoe, ambao ni wenyeji wa eneo hili, ni jamii zilizohesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo ilimfikia kupitia njia hiyo. Mwanamke aliyeachika au kufiwa na mume alikuwa na mahali pa kurudi ambapo hakuwa mgeni.

Tusiupambe wakati huo kupita kiasi. Msimamizi wa ardhi ya ukoo kwa kawaida alikuwa mjomba, na kauli yake ilikuwa nzito kuliko ya dada zake. Vijana nao walisubiri. Uislamu ulipoenea kutoka mwambao, ulileta kanuni nyingine ya mirathi, ambayo binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Kwa binti wa ukoo wa mama, kanuni hiyo ilikuwa na pande mbili: ilimpa fungu linalojulikana katika mali ya baba, lakini pia iliipa nguvu njia ya baba kuliko ya mama.

Kulikuwa pia na jambo la miti. Katika sehemu kubwa ya pwani yetu, ardhi na mti vilikuwa vitu viwili. Mtu aliweza kuazimwa ardhi bila taabu, mradi asipande mti wa kudumu. Aliyepanda mnazi, mwembe au mkorosho alikuwa na mti wake, na mti uliokaa miaka arobaini ulikuwa ushahidi usiohitaji maandishi. Kwa sababu miti ya biashara ilipandwa zaidi na wanaume, ilhali wanawake walishughulika zaidi na chakula cha msimu, alama za umiliki ziliota upande mmoja. Chakula kililiwa kikaisha, lakini mnazi ulibaki umesimama.

Serikali inapoandika

Daftari la kwanza la kiserikali lilikuja na Wajerumani. Amri ya mwaka 1895 ilitangaza ardhi ya koloni kuwa mali ya dola, isipokuwa pale ambapo mtu au jamii ingeweza kuthibitisha haki yake. Waingereza wakafuata na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyoiita ardhi ya Tanganyika ardhi ya umma chini ya Gavana. Marekebisho ya mwaka 1928 yalizitambua haki za wenyeji wanaotumia ardhi kwa mila zao, ila haki hizo zilibaki bila hati. Tangu hapo mkulima wa Tanganyika akawa mtu mwenye haki inayokubalika hadi pale serikali itakapoihitaji ardhi yake.

Uhuru ulileta matumaini makubwa, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyapa matumaini hayo lugha ya usawa. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliandika kwa uwazi kwamba wanawake wa vijijini walifanya kazi kupita wanaume. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1973 kuishi vijijini kulipofanywa amri, na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilipoanza kusajili vijiji, kipimo kilichotumika kilikuwa kaya. Kaya ilihesabiwa, kaya ilipewa eneo, na kaya ilisomeka kwa jina la mkuu wake. Mkuu huyo alikuwa mume au baba, hata katika jamii ambazo kwa vizazi vingi ardhi ilipitia kwa mama. Sidhani kama kuna aliyekaa mezani akapanga kuwanyang'anya wanawake wa Ukwere ardhi yao. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina, na mstari mmoja ulitosha kuwaacha nje.

Jipemoyo

Ni katika miaka hiyohiyo, kati ya 1975 na 1979, ndipo ulipofanyika magharibi mwa Wilaya ya Bagamoyo ya wakati huo utafiti ambao wanafunzi wetu wengi hawajausikia. Uliitwa Jipemoyo, jina linalojibizana vizuri na Bagamoyo yenyewe. Uliunganisha wizara iliyosimamia utamaduni na vijana na Akademia ya Ufini, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyefika Tanganyika mwaka 1952 na baadaye kuishi miaka kadhaa na Wazaramo wa Bunju.

Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza: wanakijiji wasiwe watu wa kuhojiwa tu, bali washiriki kuchunguza matatizo yao na kutafuta njia ya kuyatatua. Leo vyuo vya dunia vinafundisha utafiti shirikishi, na kila andiko la mradi lina neno "ushirikishwaji" katika ukurasa wa kwanza. Mojawapo ya mizizi ya mambo hayo imo katika vumbi la Lugoba na vijiji jirani.

Somo la Jipemoyo kwa mada yetu ni hili: mtu anayeshiriki kuandika habari za kijiji chake anajua pia kuuliza ziliandikwaje. Anayehojiwa tu hubaki akisubiri kuona mhojaji ameandika nini. Yule bibi alielewa jambo hilo vizuri kuliko fomu yetu.

Mahakama na sheria mpya

Mabadiliko makubwa ya kisheria yalianzia kwa wanawake waliothubutu kwenda mahakamani. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka igawanywe kwa kuzingatia mchango wa kila mmoja. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokuwa anakidai, lakini waliomfuata wamesimama juu ya kauli ile. Mwaka 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alitamka kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, huku ikimruhusu mwanamume, ilipingana na Katiba.

Kisha ukaja mjadala wa ardhi wa miaka ya tisini. Tume ya Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi nzima na kukuta malalamiko tele. Asasi za wanawake nazo ziliungana mwaka 1997 kusukuma suala la jinsia katika muswada. Matokeo yake ni Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Naomba mwanafunzi na mtumishi wa umma waisome Sheria Na. 5 kwa makini. Inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki hiyo. Kifungu cha 60 kinaunda Baraza la Ardhi la Kijiji la watu saba, watatu kati yao wawe wanawake. Kifungu cha 8 kinaizuia Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni mkutano wa watu wazima wote wa kijiji, bibi na kijana wakiwamo.

Nanasi na daftari la leo

Kama sheria ni nzuri hivyo, kwa nini bibi hana shamba na kijana hapandi nanasi?

Nanasi huchukua karibu mwaka mmoja na nusu kutoa tunda la kwanza, kisha machipukizi yake huendelea kuzaa. Ni mmea mdogo, lakini katika macho ya mwenye ardhi unafanana na mti: unakaa. Ndiyo maana anayeazimwa shamba hukatazwa kuupanda. Zao lenye fedha linabaki kwa mwenye jina, naye asiye na jina anabaki na mihogo, au anakuwa kibarua wa kupalilia mananasi ya wengine.

Wakati huohuo thamani ya ardhi imepanda. Lami imewaleta wanunuzi kutoka jijini. Ng'ambo ya mashariki, karibu na Mto Wami, ardhi ya iliyokuwa ranchi ya Razaba iligombewa kwa miaka mingi katika mradi wa miwa wa wawekezaji wa Kiswidi, hadi serikali ilipousitisha mwaka 2016. Kila mara jambo kama hilo linapotokea, swali la zamani hurudi: fomu ya fidia inaandikwa jina la nani?

Tunayo pia mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri. Tangu mwaka 2018 ni takwa la sheria na haina riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Ni fedha halali za wananchi. Lakini kikundi cha vijana kinachokopeshwa bila ardhi ya uhakika kitanunua nini? Mara nyingi hununua bidhaa za kuchuuza, kwa sababu biashara inahamishika. Mkopo usioungana na ardhi unamsukuma kijana nje ya kilimo, kisha tunamlaumu kwamba amekimbilia mjini.

Na tusisahau elimu. Juni 2017, Rais Magufuli akiwa ziarani mkoani humohumo Pwani, alitamka kwamba msichana anayejifungua hatarudi shule ya serikali. Katazo hilo liliondolewa Novemba 2021. Kwa miaka hiyo minne, msichana aliyefukuzwa shule hakupoteza cheti peke yake. Alipoteza uwezo wa kusoma muhtasari wa mkutano na kuona kama jina lake limo.

Kazi iliyo mbele

Wanaharakati wengi huja vijijini na semina kuhusu kujiamini. Siwabezi, lakini watu niliokutana nao hawakukosa kujiamini. Walikosa kujua ni mkutano upi unaoamua, lini, na kwa kifungu gani. Hivyo ningependekeza mambo machache.

Mosi, tuuimarishe Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wanawake na vijana wakifika wengi, wakaomba ugawaji uwekwe kwenye ajenda na muhtasari usomwe hadharani, hakuna mtendaji anayeweza kusema hajasikia. Pili, hati za hakimiliki ya kimila zinapotolewa, fomu iwe na nafasi ya majina yote mawili ya wanandoa, na wajane waandikwe kwa majina yao wenyewe. Tatu, halmashauri iunganishe mkopo na ardhi: kijiji chenye eneo la akiba kiwape vikundi vya vijana kwa mkataba wa maandishi wa miaka inayotosha nanasi kuzaa na kurudisha gharama. Maombi hayo yote matatu yanaweza kupelekwa leo bila kusubiri sheria mpya.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa, nina ombi dogo zaidi. Kila mnapofungua fomu na kukuta mstari mmoja wa "mkuu wa kaya", kumbukeni historia ya mstari huo.

Tuliporudi chuoni, mwanafunzi wangu alinionyesha fomu ya yule bibi. Penye umiliki aliacha wazi, kisha pembeni akaandika kwa mkono: "Amelima hapa tangu kabla ya Operesheni Vijiji." Fomu haikuwa na nafasi ya maneno hayo. Nilimwambia asiyafute.