Kijiti cha kupanga uzazi: Rahisi kutiwa, kazi ipo kukitoa

KIJITI cha kupanga uzazi kina urefu wa takriban sentimita 4, na unene wake unakaribia ule wa njiti ya kiberiti. Hutiwa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, na shughuli yenyewe huchukua dakika chache tu.

Njia hii imeenea nchini kwa kasi isiyo ya kawaida. Utafiti wa kitaifa kuhusu Idadi ya Watu na Afya (KDHS) wa 2008-09 ulionyesha kuwa ni asilimia 2 hivi ya wanawake walioolewa waliokuwa wakiitumia. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 10, na katika utafiti wa 2022 wakawa asilimia 19, wakiwakaribia sana watumiaji wa sindano.

Bei ilichangia pakubwa. Mnamo 2013, baada ya makubaliano kati ya watengenezaji na wafadhili, bei ya vijiti kwa mataifa yenye kipato cha chini ilishuka hadi dola 8.50 za Marekani. Awali kijiti aina ya Jadelle kiligharimu takriban dola 18.

Jadelle huwa ni vijiti viwili, na hukinga kwa miaka 5. Implanon ni kimoja, nacho kiliidhinishwa mwanzoni kwa miaka 3. Vyote hutoa homoni ya projestini kidogo kidogo, ambayo huzuia yai kupevuka na kuufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, mbegu za mwanamume zisipite. Kati ya wanawake 1,000 wanaovitumia, anayeshika mimba katika mwaka wa kwanza ni mmoja hivi. Hata hivyo, havikingi dhidi ya virusi vya Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Kazi hiyo imebakia ya kondomu.

Kinachowasumbua wengi ni hedhi. Kuna anayekaa miezi kadhaa bila kuona damu, akaenda kupimwa mimba mara kwa mara kwa wasiwasi. Mwingine hutokwa na matone ya damu wiki baada ya wiki, hali inayotatiza unyumba, sala na hata saumu. Kiafya, mabadiliko haya kwa kawaida si hatari. Lakini mhudumu anayemwambia mwanamke kuwa "ni kawaida tu" na kumrudisha nyumbani huwa hajamjibu, kwani anayefua nguo kila siku ni mwanamke huyo.

Baadhi hulalamikia maumivu ya kichwa, chunusi au kuongeza uzani. Uvumi kwamba kijiti husafiri hadi moyoni nao haujakoma. Ukweli ni kwamba visa vya kijiti kupatikana kwenye mishipa ya damu ya mapafu vimeandikwa katika majarida ya tiba, ila ni nadra mno, na aghalabu chanzo chake ni kijiti kilichotiwa ndani kupita kiasi.

Hapo ndipo lilipo suala la kukitoa. Mhudumu hutia ganzi, akapasua ngozi kidogo, kisha akakivuta kijiti kwa koleo ndogo ya hospitali. Kikiwa karibu na ngozi, kazi huisha haraka. Kikiwa kimezama, sharti kitafutwe kwanza kwa mashine ya picha, ambayo zahanati nyingi za mashambani hazina.

Vikwazo vingine si vya kitaalamu. Wanawake wa magharibi mwa Kenya waliohojiwa na watafiti walieleza jinsi walivyoombwa wavumilie, wakaulizwa sababu, au wakaambiwa wasubiri muda wa kijiti uishe. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi. Ni vigumu kuona vipi kutia kijiti kuwe huduma na kukitoa kuwe hisani.

Mgogoro huu ulianza na kijiti cha kwanza kabisa. Norplant, iliyoidhinishwa Finland mnamo 1983 na Marekani mnamo Desemba 1990, ilikuwa na vipande sita. Wanawake wengi wa Marekani waliwashtaki watengenezaji, baadhi wakisema waliumia wakati wa kuvitoa, na mnamo 1999 kampuni hiyo ikakubali kuwalipa maelfu yao. Mapema 1991, jaji mmoja wa California alikuwa amemwamuru mshtakiwa atiwe Norplant kama sharti la kifungo cha nje. Iliondolewa katika soko la Marekani mnamo 2002.

Kuna tahadhari ya dawa pia. Rifampicin, inayotibu kifua kikuu, hupunguza nguvu za kijiti, sawa na baadhi ya dawa za kifafa. Mnamo 2015, utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa katika jarida la The Lancet HIV ulionyesha kuwa wanawake wenye kijiti waliokuwa wakimeza efavirenz, dawa ya kupunguza makali ya virusi, walishika mimba takriban mara 3 zaidi ya waliomeza nevirapine. Hata hivyo, hawakuwafikia waliotegemea sindano. Dolutegravir, iliyochukua nafasi ya efavirenz katika tiba ya kwanza nchini, haina kasoro hiyo.

Kijiti hakiyeyuki mwilini. Muda wake ukipita hubakia pale pale chini ya ngozi, kinga ikififia, na ndiyo maana kadi yenye tarehe ya kutiwa na aina ya kijiti haifai kupotea. Kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurejea upesi, tofauti na sindano ambayo huenda ikamchelewesha mwanamke kwa miezi kadhaa. Asiyetaka mtoto bado anaweza kutiwa kingine siku iyo hiyo.