Kabla ya Unga: Familia za Baltimore Magharibi

Anayetaka kuelewa jinsi dawa za kulevya zilivyoziumiza familia za Baltimore Magharibi, nchini Marekani, aanze na nyumba, si na unga. Mwaka 1910 jiji hilo lilipitisha sheria iliyowakataza Wamarekani Weusi kuhamia mtaa wenye Wazungu wengi, na Wazungu kuhamia mtaa wa Weusi. Mahakama ya Juu ilizibatilisha sheria za namna hiyo mwaka 1917, lakini mipaka ilibaki. Katika miaka ya 1930 ramani za serikali zilipaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, alama ya hatari kwa wakopeshaji, na mkopo wa nyumba ukawa adimu huko. Familia iliweza kufanya kazi kwa bidii miaka thelathini, na bado ikakosa mali ya kuwarithisha watoto.

Kazi zilikuwapo. Kiwanda cha chuma cha Sparrows Point kiliajiri watu wapatao 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1950. Weusi walitengewa kazi za moto na vumbi, wakazuiwa kupanda kwenda karakana zenye malipo bora, ingawa hata malipo yao duni yalitosha kulisha nyumba. Makubaliano ya kisheria ya mwaka 1974 ndiyo yaliyowafungulia njia, na inauma kwamba yalikuja wakati biashara ya chuma ikianza kudorora. Maelfu walipunguzwa kazini katika miaka iliyofuata, na mwaka 2012 tanuri zilizimwa kabisa.

Heroini ilikuwapo mitaani zamani. Katika miaka ya 1980 ikaongezeka kraki, kokeini iliyopikwa ikawa vipande vya bei ndogo, na kijana asiye na kiwanda cha kumwajiri akapata kipato kijiweni. Mwaka 1986 Bunge liliweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa muuzaji wa gramu 5 za kraki, ilhali kokeini ya unga ilihitaji gramu 500 kufikia adhabu hiyo. Akina baba wengi wakaishia gerezani.

Wataalamu walitofautiana kuhusu chanzo cha ufukara wa mitaa kama hii. Charles Murray, mwaka 1984, alilaumu posho za serikali kwa kudhoofisha ari ya kazi na ndoa. William Julius Wilson, mwaka 1987, alitaja kutoweka kwa ajira. Naona Wilson yuko karibu zaidi na ukweli, maana thamani ya posho ilishuka tangu miaka ya 1970 na ufukara haukupungua. Lakini ajira peke yake haielezi kwa nini mitaa hii iliumia kuliko mingine. Hapo ndipo ramani zile nyekundu zinapohitajika.

Waliozishikilia familia ni mabibi. Walilea wajukuu ambao wazazi wao walikuwa jela, wamelewa au wamekufa, mara nyingi kwa pensheni moja. Sheria haikuwasaidia. Tangu mwaka 1988 mpangaji wa nyumba ya serikali, popote Marekani, aliweza kufukuzwa ikiwa mtu wa nyumbani mwake, au hata mgeni, amejihusisha na dawa. Wazee wa Oakland, California, waliipinga. Wawili kati yao walikuwa na wajukuu waliokutwa wakivuta bangi kwenye maegesho ya magari. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 8 bila kupingwa kwamba mzee aweza kufukuzwa hata kama hakujua lolote. Bibi aliyemfungulia mlango mjukuu mraibu alikuwa akilihatarisha paa la wajukuu wote waliobaki.